Gari letu lilianzia kwenye kiwanja

Mwenzangu yeyote kazini akiniomba ushauri wa kununua gari, namuuliza kwanza anaishi wapi, na kutoka kituo cha daladala mpaka mlangoni kwake kuna umbali gani. Wengi hushangaa. Walitegemea niwaulize wana shilingi ngapi, au wanataka IST, Passo au Raum, yale madogo ya Toyota. Lakini kwa miaka niliyoishi Dar es Salaam nikiwa na gari, na miaka niliyoishi bila gari, nimeona kwamba gari la mfanyakazi wa kawaida wa mji huu haliamuliwi siku anayoingia yadi ya magari. Linaamuliwa siku anayolipia kiwanja.

Sisi tulilipia Makabe, Mbezi ya Kimara kwa ndani. Kabla ya hapo tulikuwa wapangaji Sinza, na huko Sinza habari ya gari haikuwahi kuzungumzwa mezani kwetu. Nilikuwa natoka nyumbani, navuka mtaa mmoja, napanda daladala na kufika wodini Upanga kabla ya saa 1:30 asubuhi. Mimi ni muuguzi. Baba watoto ni mwalimu, na shuleni kwake alikuwa anakwenda kwa miguu. Kilichotuumiza ni kodi. Mwenye nyumba Dar anataka ya miezi sita kwa mkupuo, ukishajikusanya ukalipa, hujakaa sawa miezi sita mingine imefika. Ndiyo maana tukatafuta cha kwetu.

Bei tuliimudu kwa sababu kiwanja kilikuwa mbali na lami. Dalali alitupeleka mwezi wa tisa, udongo mkavu, njia nyeupe, akatuambia, "Mama, kutoka hapa mpaka Mbezi Mwisho ni dakika kumi." Mwezi wa tisa ni kweli. Mwezi wa nne, masika yakishika, ile njia inachimbika makorongo, mfinyanzi unakuwa utelezi na bajaji hazikubali kushuka bondeni. Ardhi ile siijutii hata kidogo, tumejenga na watoto wamekulia kwao. Ninachosema ni kwamba nafuu tuliyoipata kwenye bei ya kiwanja tulikuja kuilipa kidogokidogo, kwa petroli, bushi na shokapu.

Tulipohamia, safari yangu ya kazini iligawanyika vipande. Bodaboda au bajaji kutoka nyumbani hadi Mbezi Mwisho. Daladala hadi Kimara. Mwendokasi hadi kituo cha Fire. Halafu miguu. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016, nauli ya njia kuu ikiwa shilingi 650, na mtu aliyekuwa hajawahi kukaa Ubungo saa nzima kwenye foleni hawezi kuelewa jinsi tulivyoyapokea. Ndani unasimama, umebanwa, lakini unafika. Jambo nililoligundua mapema, na ambalo sijaona watu wakilipigia hesabu, ni hili: kipande kirefu kuliko vyote, Kimara mpaka mjini, ndicho kilichokuwa rahisi kwa bei na cha uhakika. Kipande kifupi, kutoka lami mpaka kwangu, ndicho kilichokuwa ghali kwa kila kilometa, na usiku kilikuwa cha kutisha.

Zamu ya jioni inaisha saa 3 usiku. Ukabidhi wodi, uandike ripoti, utembee mpaka kituoni, ukifika Mbezi Mwisho inakaribia saa 5. Pale inabidi uchague dereva wa bodaboda kwa kumtazama usoni, upande, mkate njia yenye mashamba ya watu ambayo hayajajengwa. Nilikuwa navua saa na kuficha simu. Baba watoto alikuwa ananisubiri nje na tochi. Gari tulilinunulia usiku ule. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye matumizi yake yalikuja kuwa mengine kabisa.

Mwishoni mwa 2017 tulianza kutafuta. Kwanza tulifikiria kuagiza kutoka Japani, tukaingia kwenye kikokotoo cha kodi cha TRA, Mamlaka ya Mapato. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, kuna VAT ya asilimia 18, halafu kuna ule wa uchakavu: gari lenye miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, na lililopita miaka 10 linaongezewa asilimia 30. IST tulizozimudu zilitengenezwa miaka ya mwanzo ya 2000, kwa hiyo zote zilikuwa zimeshaingia kwenye asilimia 30. Mtu anaona gari mtandaoni kwa dola chache anafurahi, anasahau kwamba bandarini atakuta bei nyingine inamsubiri. Tukaamua kununua lililokwisha kutembea hapa nchini, lenye namba ya usajili ya herufi D, injini ya cc 1300, kwa milioni 11 na kidogo. Sehemu ilikuwa akiba yetu na sehemu mkopo wa SACCOS ya walimu. Kabla ya kulipa tulimchukua fundi wetu akalipandisha kwenye winchi, akalitazama chini, akasikiliza injini ikiwa baridi. Fundi wa muuzaji haonyeshi ugonjwa.

Mwaka huo ilikuwa nafuu kwamba Serikali ilikuwa imefuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye bei ya mafuta. Kwa wenye magari waliozoea kukamatwa kwa madeni ya ada hiyo ilikuwa pumzi kubwa. Lakini maana yake pia ni kwamba kila lita unayochoma umelipa kodi, na anayekaa mbali analipa zaidi ya anayekaa karibu.

Bima ndogo, ile ya kumlinda mtu wa tatu, ni shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Bima kubwa huanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kwa hiyo gari la milioni 11 ni shilingi 385,000 kabla ya VAT. Tulikata kubwa mwaka wa kwanza, baadaye ndogo. Hizo ni gharama unazozijua. Zinazochosha ni zile zinazokuja bila hodi. Njia yetu ilikuwa inakula bushi na boljointi. Nilikuwa nakwenda Ilala kwenye spea, naambiwa, "Dada, kuna mpya ya Kichina, kuna used ya Japani, unataka ipi?" Nilijifunza kuchukua ile ya Japani iliyotumika ikiwa ni ya chini ya gari, na mpya ikiwa ni brekipedi. Nilijifunza kukaa gerejini mpaka kazi iishe. Spea uliyoinunua uifuate kwa macho mpaka ifungwe.

Nilikuwa na daftari dogo kwenye droo ya gari, naandika kila shilingi na safari iliyoitumia. Daftari hilo ndilo lililonifundisha kuliko ushauri wa mtu yeyote. Kwa foleni ya Morogoro Road, Makabe hadi Upanga na kurudi ilikuwa inakula lita nne mpaka tano. Nilipokuja kujumlisha, niliona sehemu kubwa ya fedha ilikuwa inakwenda kwenye safari za mchana, mimi peke yangu ndani ya gari, sambamba na njia ya mwendokasi ambayo ingenifikisha kwa nauli isiyofika bei ya nusu lita. Safari za usiku, zile tulizolinunulia gari, zilikuwa sehemu ndogo ya daftari. Gari likishakuwa uani, mkono wenyewe unakwenda kwenye ufunguo. Halafu kuna dukani, kanisani, kumpeleka jirani Mbezi, kumfuata shangazi Magomeni. Mambo mema yote, lakini hayakuwa kwenye hesabu ya kununua.

Mwaka 2022 ndio uliotukalisha chini. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Mwanzoni mwa mwaka ule petroli Dar es Salaam ilikuwa haijafika 2,600 kwa lita. Vita vya Ukraine vikapandisha bei dunia nzima, na Agosti, pamoja na ruzuku ya Serikali, lita ikafika shilingi 3,410. Lita tano kwa siku ni zaidi ya shilingi 17,000. Siku 20 za kazi ni zaidi ya 340,000, na hapo hujagusa oili wala tairi. Kwa mshahara wa muuguzi na wa mwalimu wenye watoto wawili shuleni, hiyo ni ada.

Tuliuza kwa milioni 8 na nusu. Magari haya ya Toyota yanashika bei, hilo ni jambo jema, na mnunuzi hutazama namba kabla ya kutazama injini. Baadhi ya ndugu walisikitika kana kwamba tumefiwa. Mama mmoja wa jumuiya aliniuliza kwa upole kama kuna tatizo nyumbani. Namwelewa. Kwetu gari ni alama kwamba mtu amefika, na kwenye harusi na misiba watu humtegemea mwenye nalo. Aliye na familia asidharau uzito wa jambo hili, maana linaweza kumrudisha mtu kwenye mkopo ambao mfuko wake haujauomba. Mimi na baba watoto tulikubaliana tuwaambie wazi: fedha ya gari sasa inalipa ada, na nyingine inakaa kwenye mfuko wa usafiri.

Mfuko wa usafiri ni laini ya simu ambayo haitumiki kwa kitu kingine. Kila mshahara tuliingiza kiasi kilekile kilichokuwa kinakwenda kwenye petroli na gereji, bila kupunguza. Hapo ndipo tulipoona uhuru, kwa sababu mtu asiye na gari akihesabu kila bajaji kuwa hasara atajinyima hadi atembee na mtoto mgonjwa. Fedha ikiwa imeshatengwa kwa safari, unaita usafiri bila uchungu.

Taksi za mtandaoni zilitusaidia, ila haziwezi kuwa nguzo peke yake. Aprili 2022 Uber ilisimamisha huduma hapa nchini baada ya LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, kuweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni inayokatwa madereva, ikarudi Januari 2023. Aliyekuwa ameuza gari kwa kutegemea programu moja ya simu alijikuta hana pa kushika. Na hata programu zikiwepo, sisi wa ndani tunajua mazungumzo yale: "Unaelekea wapi? Makabe ya wapi? Unalipa keshi?" Halafu safari inafutwa. Simlaumu dereva. Akishuka kwetu anarudi mtupu, na gari pengine si lake, ana hesabu ya bosi jioni.

Kilichotufaa ni watu wa kijiweni. Pale Mbezi Mwisho nina namba za madereva wa bajaji ambao nawajua wanakoishi, wananiita sista, na wake zao wamejifungulia mikononi mwetu. Ratiba yangu ya zamu ikitoka, nawatumia siku za jioni. Mmoja ananisubiri, akishindwa anamwambia mwenzake, na mwenzake ananipigia. Siombi kupunguziwa usiku. Bei ya usiku nailipa kama ilivyo, kwa sababu ninachonunua ni kule kujua nani ananipeleka. Hofu ile iliyotununulisha gari iliondoka kwa njia hii, kwa fedha ndogo kuliko bima kubwa ya mwaka.

Lakini bajaji ina mpaka wake, na mpaka wetu ulikuwa bonde. Masika moja mwanangu mdogo alibanwa na pumu usiku wa manane. Nilimpa pampu kwa kipimo chake, nikarudia, kifua hakikufunguka. Alihitaji hewa ya oksijeni. Kijana wa bajaji alikuja upesi, akafika ng'ambo ya bonde akapiga simu: "Sista, hapa maji yamejaa, nikishuka naondoka na bajaji." Nilikimbia kwa jirani mwenye Escudo, gari la juu. Mzee yule alitoka na shuka begani, hakuuliza swali, akawasha. Tulipita. Mtoto alipata huduma na sasa ni mzima anasumbua wenzake kwa mpira.

Watu wangetarajia kwamba baada ya usiku ule tungekimbilia kununua gari tena. Baba watoto alilitaja, na ni haki yake. Ila IST yetu ya zamani isingevuka yale maji, nilikuwa naijua. Tatizo lilikuwa bonde, na bonde haliondoki kwa mimi kumiliki gari. Tukalipeleka kwenye mkutano wa mtaa.

Mkutano haukuwa mwepesi. Wasio na magari walisema barabara watengeneze wenye magari. Wenye magari walisema malori ya mchanga ya wanaojenga ndiyo yanayoharibu. Nikasimama nikasema mimi sina gari na nachanga, kwa sababu gari la wagonjwa, bajaji ya mama mwenye uchungu na lori la maji vyote vinapita palepale. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliandika barua TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kuomba ruhusa, maana barabara za mitaa ziko chini yao tangu 2017, na tukaelekezwa namna ya kuweka kalavati za kupitisha maji chini ya barabara. Kila nyumba ilichanga. Tulinunua kalavati, tukamwaga malori ya kifusi, tukakodi greda kwa siku moja ikashindilia, na vijana wakachimba mitaro ya pembeni, ambayo ndiyo inayoiokoa barabara kuliko kifusi chenyewe. Mchango wangu haukufika bei ya shokapu mbili za mbele.

Nauli ya bajaji wakati wa mvua ilikuwa imefika shilingi 3,000 kwa kipande kile. Sasa ni 1,500, mvua au jua. Majirani wenye magari wanasema safari za gereji zimepungua. Naomba mtu anayekaa Goba kwa ndani, Madale, Msumi au Chanika alifikirie hili kabla ya kuchukua mkopo: huenda kinachokosekana ni kalavati mbili na mtaro, na majirani thelathini mnaokutana kila siku kila mmoja na tope lake.

Safari za mbali zilikuwa hoja kubwa ya baba watoto, maana kwao ni Mlali, nje kidogo ya Morogoro. Tangu treni ya SGR, ile ya umeme ya reli mpya, ianze kubeba abiria kwenda Morogoro tarehe 14 Juni 2024, hoja hiyo imelegea. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 13,000 na watoto nusu, kwa hiyo sisi wawili na watoto wetu ilikuwa 39,000 kwenda. IST kwa kilometa zipatazo 190 ingechoma kiasi kama hicho cha petroli, na dereva angeshika usukani nyuma ya malori ya Chalinze huku akipunguza mwendo hadi 50 kila kijiji. Treni haimalizi saa mbili njiani, na baba watoto anashuka akiwa na nguvu za kuwasalimia wazee.

Tukifika Morogoro tunakodi gari pamoja na dereva kwa siku tunazohitaji kuzunguka. Hapo cha kusema ni kifupi. Kubalianeni kabla ya kuondoka mafuta ni ya nani, siku inaishia saa ngapi, dereva analala na kula kwa gharama ya nani. Ukikodi la kuendesha mwenyewe, lizunguke na mwenye nalo, piga picha kila mkwaruzo, tazama tairi ya akiba na jeki, na uhakikishe bima haijaisha. Dhamana unayoweka andikishianeni.

Mwaka huu mambo yamebadilika, na nayaandika haya kwa sababu yamebadilika. Mama mkwe alipatwa na kiharusi, tumemleta kwetu. Anahitaji mazoezi ya viungo hospitali kila wiki, mara mbili. Bajaji haimfai, mguu wa kulia haukunjiki vizuri na kila tuta linampiga kiunoni. Kwenye mwendokasi siwezi kumsimamisha. Tumeelewana na dereva wa taksi wa pale Mbezi kwa malipo ya mwezi. Anakuja nusu saa kabla, kiti cha mbele amekisukuma nyuma, anamshika mkono wa kushoto wakati mimi nauinua mguu, anasubiri hospitali hadi tumalize. Mvua haipandishi bei. Mama akiahirishiwa, siku inahamishwa, hailipwi mara mbili.

Baba watoto ameandika hesabu ya gari upande mmoja wa karatasi na malipo ya taksi upande wa pili. Kwa sasa taksi iko chini. Daktari akiongeza siku za mazoezi, karatasi itageuka, na tumekubaliana kuitazama tena Desemba, kabla ya ada za Januari. Aina tumeshaichagua: gari la juu kidogo, kiti cha mbele kinachorudi nyuma kabisa, lililotembea hapahapa nchini, na likaguliwe na fundi yuleyule. Likinunuliwa litakuwa la mama na la zamu za jioni. Asubuhi nitaendelea kushukia Mbezi Mwisho na kupanda la Kimara.